Filamu ya Ndoto Kando ya Mto Tana

Msikilizaji wangu, uwe umekaa barazani hapo Garsen, uwe Minjila unangoja basi la Lamu, au uwe malishoni na redio yako umeitundika mtini, leo nina maneno juu ya filamu moja ya Kijapani iitwayo Paprika. Ni filamu ya kuchorwa, ile ambayo wazee huiita katuni na vijana huiita anime. Ilitoka mwaka 2006, kwa hiyo si ngeni duniani, lakini vijana wetu wanaopenda anime bado hawajaimaliza. Wanapeana kwa flashi na kwa simu, wanaitazama, wanairudisha nyuma, wanaisimamisha katikati ya picha ili mtu aonyeshe alichokiona, kisha wanabishana mpaka maduka ya steji yanafungwa.

Nimewasikia wazazi wakilalamika. Mtu mzima na ndevu zake anakeshea katuni! Tena katuni isiyoeleweka, mara chura anapiga tarumbeta, mara mwanasesere anakuwa mkubwa kuliko nyumba. Nawaheshimu wazazi hao, ila kwa hili niko upande wa vijana. Naona filamu hii imewashika kwa sababu inazungumzia jambo ambalo watu wa Tana hawajawahi kulifanyia mzaha, nalo ni ndoto, na inawapa nafasi ya kulizungumza mbele ya wenzao bila kuona haya.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi yenyewe ni hii. Kuna taasisi ya matibabu ya akili ambako wataalamu wameunda kifaa kidogo kiitwacho DC Mini. Mgonjwa akilala amekivaa kichwani, daktari anaweza kuingia ndani ya ndoto yake akayaona yanayomsumbua. Aliyekibuni ni Tokita, jamaa mnene kupita kiasi, mwenye akili nyingi na mambo ya kitoto. Anayefanya naye kazi ni Daktari Atsuko Chiba, mwanamke mkavu, mkali, asiyecheka ovyo. Lakini Chiba akishaingia ndotoni anageuka kuwa msichana mchangamfu mwenye nywele nyekundu, na huyo ndiye Paprika. Balaa linaanza vifaa hivyo vinapoibwa. Mwizi anachukua ndoto ya mgonjwa mmoja aliyechanganyikiwa na kuimwaga ndani ya vichwa vya watu walio macho.

Wa kwanza kupatwa ni mzee Shima, mkuu wa kitengo. Yumo katika mazungumzo ya kawaida ya ofisini, na ghafla maneno yanaanza kumpinda mdomoni. Anazungumza kwa ufasaha, kwa furaha, sentensi zimenyooka kabisa, lakini hazina maana hata moja. Wenzake wanamtazama. Kabla hawajatambua kinachoendelea, mzee ametimka mbio ukumbini na kujirusha dirishani. Anapona, lakini ndani ya kichwa chake wanakuta kitu ambacho kila shabiki wa filamu hii atakutajia kabla ya jingine lolote: msafara. Majokofu yanatembea. Televisheni zinatembea. Vyura wanapuliza ala, paka wa bahati wa Kijapani anapunga mkono, malango ya hekalu yanakwenda kwa miguu, hata ile Sanamu ya Uhuru ya Marekani imo, na vikaratasi vya rangi vinamiminika kutoka juu. Chini yake unapiga muziki wa Susumu Hirasawa, wenye nguvu ya kukufanya utake kuufuata. Hapo ndipo hatari ilipo, maana kila aliyetekwa akili anajiunga akicheka, na msafara unazidi kurefuka, mpaka siku unapotoka ndotoni na kuingia katika barabara za mji mchana kweupe.

Mtu wa Tokyo akiutazama msafara ule pengine anaona vitu alivyonunua na kuvitupa. Mtu wa Garsen anaona kingine. Aliyekuwa hapa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza mto hadi barabara ikakatika, anajua godoro linavyopita peke yake juu ya maji, kabati la nguo likifuata nyuma, kisha mitungi, kisha viti vya plastiki, kisha mlango wa mbao na kuku watatu wamesimama juu yake, vyote vikielekea upande mmoja kana kwamba vimeitwa. Yalikuwepo mafuriko ya 1997, yakaja ya 2018, na mwaka 2024 maji yakarudi tena. Nilipoitazama filamu hii katika chumba kimoja pamoja na vijana, jokofu la kwanza lilipotokea, kijana aliyekaa kando yangu alinigusa bega akaniambia taratibu, "Mzee, haya si mafuriko haya?" Sikuwa na la kumjibu. Nilitazama filamu iliyobaki kwa jicho lake.

Na hivyo wanavyoitazama ni jambo la kusimuliwa. Huku kwetu tumezoea sinema iliyokwisha kutafsiriwa. DJ Afro amezifanya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zizungumze kwa sauti yake mwenyewe, na watu humfuata yeye zaidi ya mwigizaji. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kampala wana VJ Jingo. Ni kazi ya heshima, kazi ya msimulizi. Paprika haijapata msimulizi wa namna hiyo chumbani mle, na nionavyo isingemfaa mtu mmoja. Sauti ni ya Kijapani, maandishi ya Kiingereza yanapita chini haraka. Anayeyawahi anawasomea wenzake kwa Kiswahili. Binti aliyekaa mbele anampinga: hapana, hapo bado hajaamka, tazama ukuta. Mwingine anatupa neno moja la Kipokomo na chumba kizima kinaangua kicheko. Wa nne, kijana wa Kiorma aliyechelewa kuingia, anataka aelezwe upya tangu mwanzo, na wanamweleza, kila mmoja kwa namna yake, na hapo ugomvi unaanza. Filamu ya dakika 90 inamaliza saa tatu.

Wanabishana juu ya nini? Chiba na Paprika ni mtu mmoja au wawili. Kama ni mmoja, yupi ndiye wa kweli, huyu anayevaa koti la udaktari au yule anayecheka? Wanabishana juu ya mpelelezi Konakawa, mwanamume mzima, askari, anayerudiwa na ndoto ileile kila usiku: ukumbi mrefu, mtu amepigwa risasi, anaanguka polepole, na yeye hawezi kumfikia. Konakawa anashikilia kwamba hapendi sinema. Lakini ndoto zake zote ni sinema! Mara yuko kwenye sarakasi, mara anarukia kamba kama Tarzan, mara yumo ndani ya behewa la treni anapigana. Baadaye inajulikana kwamba ujanani yeye na rafiki yake walianza kutengeneza filamu yao, akaiacha njiani, na rafiki akafariki. Binti mmoja alisema Konakawa haogopi muuaji, anaogopa kazi aliyoiacha bila kumaliza. Nimesoma maelezo ya wataalamu wa filamu juu ya kisa hicho, na sijaona lililompita yule binti.

Sasa niwarudie wazazi wanaosema haya ni mambo ya kigeni. Mama zangu, baba zangu, ndoto lini imekuwa ya kigeni kwetu? Mwislamu anaijua habari ya Nabii Yusuf na Mkristo anamjua Yosefu, na wote wawili wanajua ndoto ya mfalme wa Misri: ng'ombe saba wanono, wakaliwa na ng'ombe saba waliokonda. Katika Mwanzo imeandikwa kwamba walitoka mtoni. Nani duniani ana haki ya kuielewa ndoto hiyo kuliko mfugaji wa Tana, aliyekaa ukingoni mwa mto huu katika ukame wa miaka ya 2021 na 2022 akihesabu mbavu za ng'ombe wake? Ndoto ile haikuwa ya mchezo. Ilihusu chakula, ilihusu ghala, ilihusu nani atakufa na nani atapona, na mfalme hakuona aibu kuisimulia mbele ya baraza lake lote. Mtu alitafutwa gerezani aje aifasiri. Kwa hiyo kijana anayekaa na wenzake kuuliza ndoto hii ina maana gani hajaiacha mila. Yumo ndani yake, ila ameanzia Japani.

Liko jambo zito zaidi, na nitalisema kwa uangalifu. Waliokuwa watoto wa miaka minane au kumi mwaka 2012 ndio vijana wanaokaa mbele ya skrini hizi leo. Mwaka ule, kuanzia Agosti, mapigano ya wakulima na wafugaji katika Delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100. Riketa, Kilelengwani, Kipao: nayataja majina ya vijiji hivyo kwa heshima, nisifungue kidonda cha mtu. Watoto wa pande zote waliona vitu ambavyo mtoto hapaswi kuviona. Nyumba zikajengwa tena, mikutano ya amani ikafanyika, wazee wakapeana mikono, na nashukuru kwa yote hayo. Lakini mtoto aliyekuwa akishtuka usiku, nani alimuuliza ameota nini? Aliambiwa soma dua ulale, au omba ulale. Dua ni njema, sala ni njema. Bado yeye alihitaji mtu wa kumsikiliza mpaka amalize.

Paprika ni filamu ya madaktari wanaoiingia ndoto ya mtu anayeteseka na kukaa naye humo. Konakawa hatibiwi kwa kidonge. Anatibiwa kwa kuifuata ndoto yake mpaka mwisho wake, mlango kwa mlango, huku mwenzake akimshika mkono. Kijana wa Tarasaa au wa Idsowe akiliona hilo, analiona kwa macho yasiyofanana na ya kijana wa mji ambao haujapata msiba. Nimewasikia, baada ya filamu kwisha, wakianza kusimuliana ndoto zao wenyewe, Mpokomo kwa Muorma, watoto wa pande zile mbili za 2012, bila mtu yeyote kuwapangia kikao. Mimi nimehudhuria vikao vingi vya maridhiano vyenye mahema, vipaza sauti na posho, na nasema wazi kwamba sikusikia ukweli mwingi hivyo.

Nitoe na tahadhari, maana napendekeza kitu nikijua kilivyo. Filamu hii si ya watoto. Ina tukio moja la kumdhalilisha mwanamke ambalo ni gumu kulitazama, ina damu, ina miili inayogeuka kwa namna ya kutisha. Marekani waliipa daraja la R. Kuchorwa kwake kusimdanganye mzazi akamwachia mtoto wa darasa la nne. Hii ni ya watu wazima na vijana waliokwisha pevuka, na hata kwao ni bora itazamwe na wengi kuliko mtu mmoja gizani na spika za masikioni.

Aliyeitengeneza aliitwa Satoshi Kon. Alizaliwa Oktoba 12, 1963, miezi miwili kamili kabla ya Kenya kupata uhuru. Alianza kwa kuchora hadithi za picha magazetini, kisha akaingia kwenye filamu: Perfect Blue mwaka 1997, Millennium Actress mwaka 2001, Tokyo Godfathers mwaka 2003, halafu Paprika, aliyoitoa katika riwaya ya Yasutaka Tsutsui ya mwaka 1993. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Venice, Septemba 2006. Watu wawili hao, mwandishi na mwongozaji, wameingiza sauti zao wenyewe humo: ndio wahudumu wawili wa ile baa ambayo Konakawa huingia kupitia kompyuta. Vijana walipojua hilo waliirudia baa ile mara kadhaa kuwasikiliza tu. Kon alifariki Agosti 2010 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 46, na filamu aliyokuwa akiifanya, ambayo nayo jina lake lilikuwa juu ya ndoto, haikumalizika. Katika sehemu za mwisho za Paprika, Konakawa anafika kwenye jumba la sinema, na ukutani yamebandikwa mabango ya filamu za Kon zilizotangulia. Ananunua tiketi. Paprika ikawa filamu ndefu ya mwisho ya Kon. Ndiyo maana mashabiki wanaisimamisha picha hiyo na kunyamaza kidogo.

Lakini sitaki tuishie kuwapongeza Wajapani. Msikilizaji, wimbo wa taifa tunaosimama wima kuuimba, tuni yake ilitoka wapi? Ilitoka hapa. Ni tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na aliyewaimbia waliokuja kuutafuta ni marehemu Mzee Meza Galana, mwana wa Tana River. Tuni iliyotungwa ili mtoto alale ndiyo inayowaamsha Wakenya wote mahali pa kukaa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kilichoko katika usingizi wa watu wa mto huu hakiwezi kufika mbali. Kilishafika, mwaka uleule aliozaliwa Kon, na kilifika kwa sababu mtu alikuja na kuuliza, na mwingine akakubali kuimba.

Katika chumba kile yuko kijana mmoja mchoraji. Hachori kwa kompyuta, anachora kwa kalamu ya wino katika daftari la mistari. Amechora msafara wake mwenyewe ukipita barabara ya Garsen. Umejaa majerikeni ya manjano badala ya majokofu. Kuna kiboko amevaa leso begani. Kuna ng'ombe wa Kiorma wenye pembe ndefu wamebeba vitabu vya shule, kuna mtumbwi unaotembea nchi kavu kwa miguu ya watoto, kuna sufuria zinazopiga makofi, na basi lililojaa samaki limepita geti la polisi bila kusimama. Mbele kabisa, kabla ya wote, amechora ngoma kubwa peke yake, haibebwi na mtu. Nikamuuliza ni ngoma gani. Akasema ni Ngadji, inarudi nyumbani. Wazee wanaijua habari hiyo: ngoma takatifu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo hadi leo imo katika ghala la British Museum huko London. Kijana huyo hakufundishwa hilo katika somo lolote la sanaa. Alilisikia kwa babu yake, na msafara wa Kijapani ukampa mahali pa kuliweka.

Hilo ndilo ninalotaka wazazi waone. Ushabiki huu unazaa. Nairobi vijana wana mikusanyiko yao, kama Otamatsuri na NAICCON, ambako wanavaa mavazi ya wahusika wanaowapenda na kuuza michoro yao. Wakenya wanatengeneza filamu za kuchorwa zinazotazamwa duniani: Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills mwaka 2011, na mwaka 2023 Ng'endo Mukii alikuwa na filamu yake, Enkai, katika mkusanyiko wa Kizazi Moto wa Disney. Hadithi ya Ngong imechorwa. Ya Tana sijaiona ikichorwa. Mto mrefu kuliko yote Kenya, wenye mamba, viboko, mila za makabila kadhaa, kaburi ambalo wazee wa Ozi husema ni la Fumo Liyongo, na mafuriko yanayohamisha vijiji, bado unangoja mchoraji.

Basi ninawaomba yafuatayo. Wewe mwenye ukumbi hapo Garsen unaolala mtupu alasiri za Jumamosi, wafungulie vijana hawa, waitazame filamu yao kwenye ukuta mpana badala ya kubanana mbele ya laptopu moja. Walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti, kompyuta mnazofundishia kuandika barua zinaweza pia kuendesha programu za uchoraji za bure, waacheni wajaribu. Wazee, mkiulizwa mliota nini mwaka wa mafuriko, msiseme ni upuuzi. Semeni, na kijana aandike. Na wewe kijana unayenisikiliza ukiwa na daftari lako, usingoje kifaa cha bei kubwa. Kon mwenyewe alianzia kwenye karatasi.

Mzazi, Paprika ina dakika 90. Itazame yote ukiwa na mwanao mkubwa kando yako, usimkatize, na ikiisha muulize yeye aliona nini.